Hesabu ya Samaki wa Mlali

"Samaki wameisha?" Daktari Nikodemo alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Profesa, umemsikia huyu? Bwawa lote hili la Mlali, samaki wameisha!"

Profesa Elieth hakucheka. Chuo kilikuwa kimemtuma kuhakiki utafiti mmoja tu, ule uliombeba Nikodemo miaka minne mpaka kwenye mlango wa uprofesa. "Nataka kuwaona," alisema. "Nisipowaona leo, sisaini."

"Utawaona. Hawa ni watu wa ng'ombe. Samaki wanamjua akiwa kwenye sahani tu."

Joel, mvuvi aliyekuwa akikunjua wavu, aliinamisha kichwa. "Nimesema samaki wa kula, Daktari. Wa kula ndio wameisha."

"Kwani kuna wa kuangalia?" Nikodemo akampa kisogo.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi. Alikamata perege mia tatu, akawatoboa mgongoni, akawatia lebo za njano zenye namba, akawarudisha majini mbele ya kijiji kizima. Hakumweleza mtu kitu. Tangazo la kuomba lebo zirudishwe alilibandika kwenye mlango wa mtendaji wa kijiji, kwa Kiingereza, kisha akarudi zake Dodoma mjini kusubiri. Zikirudi nyingi, maana yake samaki ni wachache. Zikirudi chache, zimepotelea katikati ya samaki wengi.

Zilirudi mbili, zote kutoka kwa mwalimu mgeni. Daktari akaandika: samaki laki tatu. Makongamano yakampigia makofi. Vibali vya uvuvi vikaongezwa maradufu.

Sasa wanaume sita waliingia majini wakaanza kuvuta. Mara ya kwanza wavu ulileta matope. Mara ya pili, magugu na kandambili moja ya mguu wa kushoto.

Nikodemo alijifuta jasho. "Vuteni kama watu walioshiba!" alifoka. "Mnaniaibisha mbele ya mgeni."

Mara ya tatu wavu ukawa mzito. Perege wakubwa, wanene, wakarukaruka kwenye tope: kumi, ishirini, arobaini na mmoja.

"Haya, Profesa, kalamu iko wapi?" Nikodemo alimgeukia Joel, meno yote nje. "Na wewe, bwana samaki-wameisha, hawa ni nini? Mbuzi?"

Profesa Elieth alichuchumaa, akamgeuza samaki mmoja, akamgeuza wa pili. Akawageuza wote, bila haraka. Kila mgongo ulikuwa na lebo ya njano.

Joel alivua kofia. "Ni wako wote, Daktari," alisema kwa adabu. "Tangu uwavishe hereni, kila tukiwanasa tunawarudisha. Sisi ni wafugaji. Hatuli mifugo ya mtu."