Kamba na Sabuni

Watu wa mji wa Kasongo walicheka siku nzima walipomwona Muzaliwa amefungwa kamba.

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde kumi na tisa. Muzaliwa, mshambuliaji wa mpira waliyemlea wao wenyewe, alikuwa amekaa chini porini, mikono nyuma, kipara kinang'aa kwa jasho. "Mama, niko muzima," alisema. "Wanasema wananipa siku tano." Kisha giza.

Kwa Zakaria, anayechaji simu za watu karibu na soko, waliirudia mpaka koo zikawakauka. Na nani asingecheka? Mwaka uliopita, kwenye video ya tangazo, kampuni moja ya sabuni ilimfanya Muzaliwa amwogeshe mbuzi, amfute kwa taulo, amweke golini na kumpigia penalti. Mbuzi akaudaka mpira. Nchi nzima iliitazama. Halafu wakamtumbukiza Muzaliwa kwenye sufuria kubwa pamoja na jezi za timu, akachemshwa huku anaimba. Mtu aliyekubali kuchemshwa atakataa kufungwa kamba?

Aimée, dada yake mkubwa, hakucheka. Aliitazama mara moja tu, akiwa kwenye mkeka wa kilio.

Baba yao alikuwa na majuma matatu kaburini. Muzaliwa alikuja kumzika, na watoto wote wa marehemu walinyolewa, wakubwa kwa wadogo, kama ukoo wao unavyofanya. Aimée ndiye aliyemshika kichwa mdogo wake. Misuko ile ya rangi ya dhahabu, ambayo watangazaji wa mpira hawakuchoka kuisifu, ilianguka kwenye ungo, naye akaenda kuizika nyuma ya nyumba. Muzaliwa alimtania kwamba watu wa sabuni watalia kuliko wafiwa. Bahati yao walikwisha kumpiga picha nyingi za video ambazo bado hawajazitoa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho walipocheka pamoja. Juma lililopita alipanda pikipiki kwenda Salamabila kumsalimu mjomba, ambaye ugonjwa ulimzuia kufika mazishini. Mjomba mpaka leo anamngoja.

Siku ya kwanza Aimée alikwenda kwa komanda wa polisi. Komanda alimwambia akirudi amletee sabuni. Siku ya pili hakupokelewa. Siku ya tatu alipiga simu kwenye kampuni, na binti mwenye sauti tamu akamjibu kwamba hawana ruhusa ya kuzungumzia matangazo yanayoendelea, ila wanamshukuru kwa kuwafuatilia. Aimée si mtu wa matusi. Siku hiyo alitukana.

Siku ya nne alirudi kwa komanda pamoja na mama yao, Mama Honorine, ambaye tangu mazishi hakuwa amevuka kizingiti. Mjane kuuacha mkeka kabla kilio hakijaisha si jambo dogo kwao. Hata askari aliyekuwa akipiga soga mlangoni alisimama na kuvua kofia.

"Komanda," alisema Mama Honorine, "mutoto wangu iko mu kilio ya baba yake. Mutu wa kilio hawezi kuuzisha sabuni."

Komanda aliwatazama, mama na binti, vichwa vyao vyote viwili vimenyolewa. Hakutania tena. Aliandika majina, akauliza njia aliyopita Muzaliwa, akaahidi kwamba kesho asubuhi pikipiki sita zitaondoka, na njiani zitawachukua watu wanaoujua vizuri msitu ule. Aimée alitoka pale akimpenda komanda kama ndugu.

Asubuhi ya siku ya tano pikipiki zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Aimée alikuwa amemkabidhi askari mmoja shati safi la Muzaliwa, maana alijua jinsi mdogo wake anavyochukia kuonekana mchafu. Hapo ndipo Zakaria alipokuja mbio, simu juu, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Zimeni tu, komanda," alisema. "Ile yote ilikuwa pub, tangazo ya sabuni. Kampuni imetoa video ingine sasa hivi. Muzaliwa iko anacheka."

Komanda aliitazama mpaka mwisho. Akamwambia Mama Honorine, kwa sauti ya chini, kwamba amemfanya mjinga mbele ya askari wake. Akaonyesha kwa kidole, na pikipiki zikazimwa moja baada ya nyingine. Shati likarudishwa.

Mama Honorine hakujali aibu. Alipiga magoti palepale vumbini akamshukuru Mungu wake. Aimée naye alilia, kwa furaha na kwa haya, vyote kwa pamoja. Alipita kwa kila askari akiomba radhi. Alijiapiza kwamba Muzaliwa akifika atamchapa kwanza, kama alivyomchapa utotoni, ndipo ampikie sombe, majani ya muhogo anayoyapenda. Askari wakaenda kunywa chai. Komanda akaingia ofisini na kufunga mlango.

Zakaria alikuwa ameanza kuondoka. Aimée alimwita, akamwomba simu. Komanda na Zakaria walikuwa wamemwona mdogo wake, yeye bado.

Video ilianza na kamba ya kuchorwa, ikakatika yenyewe. Kisha akatokea Muzaliwa, mnono, ameinama kwenye beseni, povu limemfika viwikoni. Aimée alitabasamu. Muzaliwa akainua kichwa ghafla, akacheka, na misuko ya dhahabu ikamwangukia mabegani.