Fimbo Isiyoutambua Ukuta

"Mbele hakuna kitu," fimbo ilisema kwa sauti tamu, na Mama akaenda kuligonga paji la uso kwenye ukuta wa sebule yake mwenyewe.

Mama, mpokea simu mstaafu, alikuwa haoni tangu ujana wake na hakuwahi kumsumbua mtu. Shida ilianza mwanawe alipomnunulia fimbo hii inayosema na kuitupa ile ya zamani. Sasa alikuwa akifoka simuni: "Mama, ukiumia tena unahamia kwangu, basi!"

Mama aliipenda nyumba yake. Mkwewe naye alimpenda zaidi akiwa mbali.

Gari likamshusha mlangoni ofisa wa kampuni iliyotengeneza fimbo, aliyeitwa kuikagua. Alipoingia akajikwaa kwenye zulia, akaomba radhi. Mama akaguna moyoni: vijana wa siku hizi hawatazami wanapokanyaga.

Ofisa akaupapasa ukuta taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Huu si wa kwetu," akatoa hukumu. "Hauna kibandiko cha kampuni. Fimbo haiwezi kuutambua."

"Mbona paji langu limeutambua?"

"Utanunua vibandiko tu, mama. Vya kuta, vya meza, vya kabati."

"Na jirani yangu niliyemparamia jana?"

"Ana kibandiko?"

"Ana mimba!"

"Basi hapo kampuni haihusiki."

Hasira zilimpanda Mama. "Kwa nini kampuni zote msikubaliane alama moja, ikasomwa na fimbo yoyote ile?"

"Mungu atuepushe! Wenzetu si watasoma kuta zetu?"

"Kuta zangu!"

Mama akakifikiria kile chumba cha nyuma kwa mwanawe, na mkwewe akifungua na kufunga makabati kwa kishindo, na woga ukamshika kwelikweli. Akashusha sauti.

"Niambie ukweli, mwanangu. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungetembea na fimbo hii?"

Ofisa akakohoa. "Fimbo yetu haina mfano, mama." Akafunga mkoba wake na kuaga harakaharaka.

Kisha akachomoa kitu chini ya koti, na Mama akasikia ncha ya fimbo ya mti mkavu, isiyosema neno, ikigonga sakafu mbele ya viatu vya ofisa: ko, ko, ko, kuutafuta mlango.

"Simama hapo hapo," akasema Mama. "Hiyo ndiyo ninayonunua."