Wati Mia Tano

Mama yule alikuwa amerudi dukani kwa mara ya tatu, na mpaka siku hiyo hakuwa amenunua hata skrubu.

Abdulhalim, fundi wa duka hilo la kompyuta, alimwona akivuka barabara, kikapu mkononi, akaweka bisibisi chini.

"Shikamoo, Mama Lucky."

"Marahaba. Leo nimekuja kwa ajili ya kile cha mwisho."

Akaikunjua karatasi yake juu ya meza ya kioo. Ilikuwa karatasi ya daftari, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Abdulhalim aliutambua mwandiko tangu siku ya kwanza: ulikuwa wake mwenyewe. Hakushangaa. Tangu mizigo ya Dubai ianze kumiminika Arusha, kila siku vijana walikuja awaandikie orodha ya vifaa vya kuunda kompyuta ya gemu, kisha wakaazimana orodha hizo huko mitaani.

Kilichomshangaza ni jinsi huyu mkulima wa vitunguu kutoka Nduruma alivyokuwa akisikiliza. Vijana hujifanya wanajua. Yeye aliuliza. Safari ya kwanza alitaka kuelewa kwa nini prosesa hii haikubali kukaa kwenye mazabodi ile, lile bao kuu linalobeba vifaa vyote. Safari ya pili alishika memori mbili, akaonyeshwa kuwa pengo la moja halilingani na la nyingine.

"Kumbe hata kwa nguvu haiingii," alisema.

"Ukilazimisha unavunja, mama. Lazima vichaguliwe vinavyopatana."

"Na nani anawachagulia hao watoto?"

"Mimi. Hapa hakuna mwingine anayechagua."

Aliwahi kumwambia amlete mwanawe mwenye orodha, wamalize kazi siku moja. "Hawezi kuja," mama alijibu, na Abdulhalim akadhani yuko shule ya bweni.

Sasa kidole cha mama kilisimama kwenye mstari wa mwisho: pawa saplai, wati mia tano. Ni kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine vyote.

Abdulhalim akageukia rafu. Vilikuwa vimepangwa vizuri, kila kimoja na stika inayong'aa ya wati mia tano. Stika hizo alizibandika kwa mkono wake. Kila mzigo ulipofika, mwenye duka alimpeleka stoo ya nyuma, naye akakaa huko kutwa akibandua mia mbili na hamsini na kubandika mia tano. Ndani ya visanduku hivyo waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini usimdhuru mtu, ulikuwepo, lakini haukuungwa popote. Mara ya kwanza alilalamika. Mwenye duka akamuuliza kama anataka kazi au hataki. Akabaki na kazi. Kila alipouza kimoja alijiambia kwamba umeme wenyewe wa huko kinakokwenda unakatika kila siku, hakitapata muda wa kuchemka.

Akatoa kimoja, akakiweka juu ya kioo. Mama akakiinua kwa mikono miwili, kama anayepima kuku sokoni.

"Chepesi," alisema. "Hiki ndicho unachowapa wote?"

"Ndicho kinachotoka sana."

"Ungekuwa na mtoto wako, ungemfungia hiki?"

Abdulhalim akatazama mlangoni. Mwenye duka alikuwa amesafiri kwenda Namanga, na hapakuwa na mteja mwingine. Aliitazama mikono ya yule mama, kucha zake zimeshika udongo wa shambani, bado imekishikilia kile kisanduku. Akainama chini ya meza, akavuta boksi zito, akaliweka mbele yake.

"Mama, chukua hiki. Hicho kirudishe."

"Kwa nini?"

"Hiki ni cha kweli. Tunawawekea watu wa maofisi ya Njiro, kwa sababu wao wana mafundi wanaofungua na kukagua. Nitakupa kwa bei ya kile."

"Na hiki chepesi kina nini?"

Akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Hakina nguvu iliyoandikwa. Kadi ya gemu inakula umeme mwingi. Kijana akicheza saa mbili, tatu, kinachemka, nyaya za ndani zinayeyuka, umeme unahamia kwenye bati la kompyuta. Akiligusa, na yuko pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu..."

"Kinaua?"

"Kinaweza kuua, mama."

Alipokwisha kusema hivyo alihisi kifua kimefunguka. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Akavuta mfuko wa kufungia lile boksi, akingoja kushukuriwa.

Mama hakuligusa. Alikuwa akikunja karatasi yake taratibu, mkunjo juu ya mkunjo.

"Hayo umeyajua tangu lini?"

"Tangu mzigo wa kwanza. Mwaka juzi."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia akaielewa.

"Lucky alinunua chake hapa mwezi wa nne, wewe ndiye uliyemchagulia," alisema. "Kwenye cheti chake cha kifo wameandika ajali, na mimi nilikuja kujua tu kama ni kweli."