Koti Lenye Vumbi la Kutu

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Nikiongopa, ngano yangu ichomwe.

Miaka hii, vumbi la ugonjwa wa kutu ya ngano likionekana nyumbani kwako, shamba lako huchomwa lote. Jirani yangu Tapsiargaa hakulivaa koti la marehemu mumewe. Alilitundika tu kibarazani, awe akilinusa. Leo asubuhi akalikuta limejaa vumbi la rangi ya machungwa, na droni za ukaguzi zinavuma juu ya paa. Akapapasa mfuko wa koti: ugoro!

“Marehemu hakunusa ugoro,” akanipigia kelele juu ya ua. “We mzee jirani, jana ulilivaa kwenda shambani kwako?”

Nilitaka kukana, nikapiga chafya. Droni zikageuka zote kuelekea shamba langu.

Moshi ule mnaouona ni ngano yangu.