Fagia, Usichote

"Unachota, mama! Hapa si kwenye sufuria. Fagia!"

Mpira wa gofu ulibingirika kidogo, ukalala majanini.

"Nimefagia maisha yangu yote, mwalimu. Leo ndio nafundishwa kufagia?"

"Ndiyo. Hii wudi, fimbo ya kupiga mbali, kichwa chake ni kinene, haitaki kubeba mpira. Ipitishe chini, ipapase nyasi, mpira utapanda wenyewe." Akatikisa kichwa. "Ila umetoka mbali. Siku ya kwanza uliitia glavu mkono wa kulia!"

"Usinicheke."

"Wageni wote hufanya hivyo. Anayepigia kulia huivaa kushoto. Ukishacheza wiki moja, hutasahau tena." Aliigeuza fimbo juani. "Mpya hii?"

"Ya mume wangu. Anatunza vitu vyake."

Mumewe alikwenda gofu kila Jumamosi tangu kifungua mimba wao akiwa ananyonya, na sasa kijana ana ndevu. Alirudi jioni, viatu havina hata chembe ya tope. Mama aliiazima fimbo yake kimyakimya katikati ya wiki, akairudisha na mikwaruzo yake, na bwana hakugundua lolote.

Jumapili iliyofuata ofisi ya mumewe ingekuwa na mashindano ya wanandoa: mpira mmoja, mke apige, kisha mume. Mkuu wa kazi alikuwa anatafuta msaidizi, na kila mtu alijua.

"Tuseme unaumwa," mumewe alimsihi.

"Siumwi."

"Gofu haisomwi ukubwani, mama watoto. Utatuaibisha."

Neno hilo lilimchoma. Hakumwambia kuhusu mwalimu. Alitaka mumewe aone mwenyewe, kisha labda Jumamosi moja amwambie, twende wote.

Jumapili ilipofika, alishika ile wudi. Wake wa wafanyakazi wengine walimtazama chini ya kofia zao. Mkuu wa kazi alikunja mikono. Mumewe, nyuma yake, alikuwa anatiririka jasho kuliko yeye.

Aliuweka mpira juu ya nyasi. Akalegeza vidole. Usichote, alijiambia. Fagia.

Nyasi zililia shwaa. Mpira ulipanda, ukanyooka, ukatua karibu kabisa na bendera.

Vigelegele!

"Shemeji!" mkuu wa kazi alicheka. "Huyu bwana alikuficha wapi? Kama mwanafunzi anapiga hivi, mwalimu wa nyumbani je? Haya bwana, malizia."

Moyo wa mama ulitulia. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mumewe, na kwa mtu wa Jumamosi zote zile, ilikuwa kama kunywa maji. Alimgeukia kwa tabasamu.

Mumewe alitoa glavu mfukoni mwa begi, nyeupe pe.

"Za siku hizi zinabana," alinung'unika, akiivuta kwa meno kwenye mkono wake wa kulia, kidole gumba kikikataa katakata kuingia.