Siku Chui na Fisi Walipopatana

Pimbi walikuwa na mlima wao wakijitawala wenyewe, lakini usingizi hawakuujua. Chui, aliyekaa mashariki, alidai mlima ni wake. Fisi, wa magharibi, naye alidai ni wake. Mlinzi wa pimbi, Bi Siwema, alishinda juu ya jabali. Chui akianza kupanda, Bi Siwema hupiga yowe. Fisi akilisikia, huja mbio kutetea mali yake. Wakubwa hao wakang'atana, pimbi wakajichimbia mapangoni.

"Tumechoka kutetemeka," alisema Pimbi Mkuu. "Nitawapatanisha."

"Waache wagombane, Mkuu," Bi Siwema alimsihi.

Hakusikilizwa. Mkuu aliwaita mahasimu, akawachorea mpaka kileleni: mashariki kwa Chui, magharibi kwa Fisi, pimbi wabaki na serikali yao. Wote wakaapa. Pimbi wakacheza ngoma.

Asubuhi Bi Siwema alimwona Chui akipanda. Akapiga yowe. Fisi hakuja mbio. Akapiga tena, mpaka sauti ikamkauka.

"Fisi yuko wapi?" Mkuu aliuliza, meno yakimgongana.

Bi Siwema akageukia magharibi.

"Anapanda, Mkuu. Polepole. Yuko upande wake."