Lahaja ya Mzee Harald

Kwa mara ya nne asubuhi ile, Ellen Holroyd alisema Kinorwei akajibiwa Kiingereza.

Safari hii alikuwa dada wa duka la mikate. Ellen aliomba andazi la mdalasini, kila herufi mahali pake, na yule dada akamuuliza kwa Kiingereza safi kama anataka na mfuko.

"Nimekusemesha Kinorwei," Ellen akalalamika, kwa Kinorwei.

"Nimesikia," dada akajibu, kwa Kiingereza. "Ndiyo maana nakusaidia."

Ndivyo tulivyo hapa Haugesund, mji wetu wa pwani ya Norwei. Ukikosea irabu moja, mji mzima unakuhurumia kwa Kiingereza. Na Ellen hakuwa na muda wa kuhurumiwa. Alikuwa mpishi wa uji katika shule ya chekechea, na mkuu wake, Torhild, alishamwambia bila kupindapinda: "Ukileta cheti cha lugha kabla ya Septemba, unatoka jikoni unaingia kwa watoto. Usipoleta, nafasi nampa mwingine, wewe baki na masufuria yako."

Ellen aliwataka wale watoto kwa kufa na kupona. Kwanza, aliwapenda. Pili, ndio watu pekee mjini wasioweza kumjibu kwa Kiingereza.

Vitabuni mambo yalionekana mepesi. Kinorwei na Kiingereza ni mtu na binamu yake. Nusu ya maneno yanafanana. Shida ni ile nusu inayofanana. Wiki ya kwanza aliambiwa anyamaze, "barn" wamelala. Kwao Uingereza "barn" ni ghala. Akasimama mlangoni akijiuliza ghala linalalaje, mpaka alipoona vichwa kumi na viwili vya watoto juu ya mito. Neno "gift", ambalo kwao ni zawadi, huku ni sumu, tena hilo hilo maana yake pia ni kuwa katika ndoa. Hapo hakuhitaji maelezo. Aliwahi kuolewa.

Ndipo akampata Harald.

Ilikuwa Machi, gatini, mvua inapiga kutoka ubavuni. Ellen ameketi kwenye benchi na andazi lake, mara mzee mmoja mwenye sweta la sufu akaja kukaa karibu naye, na benchi lote lile tupu. Mtu wa Haugesund hufanya hivyo meli inapozama tu. Ellen akashtuka, akamkanyaga mguu. Aliyeomba radhi ni mzee.

"Uff," mzee akasema, akitazama mawingu.

"Uff," Ellen akaitikia.

"Mvua hii!"

"Mvua kwelikweli."

Kinorwei kwa Kinorwei! Ellen nusura amkumbatie.

"Naitwa Ellen. Mwenzangu nani?"

"Harald."

"Kwenu wapi, Mzee Harald?"

Mzee akasita kidogo. "Magharibi. Na wewe, binti?"

"Magharibi pia."

Wakarudi haraka kwenye habari za mvua, wote wawili.

Magharibi ya Haugesund kuna visiwa vichache, kisha ni maji matupu. Ellen akaamua kuwa huyu ni mtu wa visiwani, na akaapa kufunga mdomo kuhusu kwao. Mzee akijua ni Mwingereza, atageuza ulimi kama wenzake wote, na cheti ndiyo basi tena.

Wakawa wanakutana kila Jumamosi, mbele ya kibanda cha keki za samaki. Sasa, Norwei kila bonde lina lahaja yake, na kila kisiwa lahaja mbili. Kwa hiyo mzee na kitabu walipotofautiana, Ellen alimwamini mzee. Kitabu kilisema "full" ni mlevi. Lakini Harald alipomaliza keki ya tano ya samaki, alipapasa tumbo akatangaza kwamba yuko "full". Ellen akaandika kwa furaha: visiwani, "full" ni kushiba, sawasawa na kwetu! Akajiona amegundua undugu wa lugha ambao maprofesa wameupita.

Mzee naye alikuwa na tabia ya kumtahini. "Hii wewe unaitaje?" angeuliza, akionyesha shakwe, kamba, chupa ya haradali. Ellen hakukubali kushindwa. Neno likimpotea, alichukua la Kiingereza, akalipinda mkia, akalitoa bila kupepesa.

"Ahaa!" Harald angesema, akilirudia polepole. "Safi sana, binti!"

Kufika Agosti walikuwa wanaongea kama maji ya bomba. Mwenye kibanda aliwasikiliza siku moja mpaka keki zikaungua, kisha akawauliza kwa adabu kama wametoka Aisilandi.

Siku ya mtihani wa kuongea ikafika. Mtihani huo ni wa wawili wawili: watahiniwa wanazungumza wao kwa wao, mtahini anasikiliza. Ellen hakulala. Aliogopa kitu kimoja tu, kupangiwa mgeni asiyejua kitu, amburute chini naye.

Ukumbini akamkuta Harald, suti na tai, jasho linamtiririka. Ellen akaelewa papo hapo. Mtahini! Ndiyo maana maswali yale hayakuwa yakiisha.

"Mzee Harald, nisamehe," akanong'ona. "Nilikuficha jambo. Mimi ni Mwingereza, mtu wa Hull. Nikianguka leo, wale watoto nawakosa. Lakini siogopi. Kila neno nililonalo nimelitoa kwako."

Harald akajifuta jasho kwa ncha ya tai.

Mlango ukafunguliwa, na mama mmoja mwenye miwani akasoma karatasi yake: "Watahiniwa wa saa nne. Ellen Holroyd na Harold Micklethwaite, ingieni."

Mzee akasimama, akalegeza tai, akamwinamia Ellen sikioni na kumwambia, kwa Kiingereza cha mtu aliyezaliwa Grimsby, ng'ambo tu ya mto kutoka Hull: "Binti yangu, mimi nilikuwa nakuiga wewe."